Historia Tangulizi ya Mzee Kimya

Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ule, hakuna mtu wa kubuni aliyeruhusiwa kuwepo bila kueleza alikotoka. Ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa kwenye mbao za matangazo, kwenye milango ya masoko na, kwa kuwa gundi ilibaki, kwenye nguzo mbili za umeme. Lilitiwa saini na Mkurugenzi wa Idara ya Historia Tangulizi za Wahusika wa Mezani, na chini ya saini palikuwa na muhuri wa duara uliogongwa ukakaa sawasawa, haukuinama wala haukuvuja wino.

Aliyeugonga ni Karani Mkuu wa Idara, mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Bi Muhuri, mbele yake na nyuma yake. Hakuchukia. Kuna watu wanaitwa majina mabaya zaidi kwa kazi ambazo hata hawazifanyi.

Kwa faida ya wasiojua, wahusika wa mezani ni mchezo. Watu watatu wanne hukaa kuzunguka meza, kila mmoja na karatasi yake, na kwenye karatasi yumo mtu wake wa kubuni: huyu mpiga mishale, yule mganga, yule mwizi mwenye vidole vyepesi. Mmoja wao ndiye Msimulizi. Kazi yake ni kuwaeleza wenzake wamefika wapi na ni kitu gani kinawajia mbio. Wao husema watu wao wanafanya nini, na jambo likiwa na mashaka, kama vile ni mlango utakaovunjika au ni shingo, hurushwa dadu. Hakuna anayeshinda wala anayeshindwa, na watu wazima wenye kazi zao hutoka hapo wamechoka kama waliopakua magunia.

Mchezo wa namna hiyo, ukiachwa hivi hivi, ungeweza kuiharibu nchi. Bi Muhuri aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Mtu anazuka tu na upanga mkononi. Katoka wapi? Ni mtoto wa nani? Upanga kaupata kwa kibali gani? Katika maisha ya kawaida mtu kama huyo hapewi hata chumba cha kupanga.

Wachezaji wenyewe walikuwa na desturi yao tangu zamani. Kabla ya mchezo kila mmoja huandika mtu wake ametoka wapi, ana uchungu gani na anamtafuta nani, ili Msimulizi apate pa kumshika. Wengine waliandika kurasa ishirini, wengine mistari miwili mgongoni mwa daftari. Idara haikuleta kitu kipya, ilileta utaratibu. Ilileta Fomu HT-7, kurasa kumi na moja, nakala tatu: jina la mhusika, silaha, majina ya wazazi, majina ya mababu, wadhamini wawili wasiokuwa majini, na picha mbili za rangi, masikio yote yaonekane. Wahusika wa jamii ya watu wa msituni walileta usumbufu kidogo, kwani masikio yao ni marefu na yalitoka nje ya picha. Kikao cha siku mbili kiliamua yakunjwe.

Mwezi wa pili Bi Muhuri aligundua janga. Kati ya wahusika mia mbili na kumi na tisa waliosajiliwa, mia mbili na kumi na wawili walikuwa yatima. Wazazi wao waliuawa kwa mkupuo, kijiji kikachomwa, na aliyeonekana akiondoka eneo la tukio ni joka. Aliandika ripoti, akaipeleka juu mwenyewe kwa mkono, na Mkurugenzi akaitisha kikao cha dharura.

"Haiwezekani," Mkurugenzi alisema. "Wazazi wafe ovyo namna hii, halafu sisi tumekaa."

Ndipo ukatoka Waraka Namba Tatu. Hakuna mhusika atakayepoteza mzazi zaidi ya mmoja bila kibali. Cheti cha kifo kiambatishwe. Vijiji viungue kwa zamu, si zaidi ya viwili kwa wiki.

Mpiga fotokopi mwenye meza nje ya geti la Idara aliusoma waraka ule kabla ya wakuu wa vitengo, na kesho yake alikuwa anauza historia zilizokamilika: wazazi wote wawili hai, shamba la ekari mbili, hajawahi kugombana na mtu. Zilikwenda kama maji. Watu wale wapole wakaingia mezani mji mzima. Msimulizi akisema kuna joka pangoni limelalia hazina, mhusika anajibu, niende kufanya nini mimi, na maharage yangu yanataka palizi? Walikuwepo waliokaa saa nne wakipalilia. Mmoja alirusha dadu kujua kama maharage yameota. Idara iliandika katika taarifa ya robo mwaka kwamba usalama wa wahusika umeimarika.

Jambo la Bi Muhuri mwenyewe lilikuja Jumanne moja, kwenye trei ya asubuhi, katikati ya fomu nyingine. Ilikuwa fomu iliyojazwa kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa zilizolala upande kama zimepigwa na upepo, na mwandiko huo angeujua hata kwa kuupapasa. Jina la mhusika: Mpita Njia. Silaha: fimbo. Sehemu ya D, alikotoka mhusika: tupu. Jina la mchezaji lilikuwa la baba yake mzazi.

Baba yake alikuwa dereva wa lori mstaafu, na mtaani walimwita Mzee Kimya. Hakuzaliwa na jina hilo. Mkewe alipofariki, miaka mitatu nyuma, alinyamaza. Hakuwa na hasira na mtu. Salamu aliitikia, akiwekewa chakula alisema "inatosha", basi. Bi Muhuri, aliyekuwa akiishi naye, alizoea kuwasha redio wakati wa kula ili vijiko visisikike kwenye sahani. Halafu Jumamosi moja mzee alipeleka mashati yake kwa dobi, akakaa huko saa tano, akarudi, na alipokuwa ananawa mikono akasema, "Leo tumevuka korongo."

Bi Muhuri alizima redio. Tangu siku hiyo baba yake akawa anaongea Jumamosi, na Jumapili kidogo, na Jumatatu kama kuna kilichobaki. Ikifika Jumatano maneno yanakuwa yamekwisha, wanasubiri Jumamosi nyingine. Alimpenda baba yake, na kwa ajili ya zile siku mbili na nusu angempa Dobi, Msimulizi wa meza ile, nyumba.

Lakini kwa mujibu wa kanuni, fomu yenye sehemu tupu hurudishwa, na ikirudishwa mara tatu mhusika anafutwa na mchezaji wake haruhusiwi kukaa tena mezani. Sheria ni msumeno. Bi Muhuri aliirudisha siku ile ile, nyumbani, baada ya kumwekea mzee chakula.

"Baba, fomu yako ina upungufu."

"Naam."

"Sehemu ya D. Mtu wako katoka wapi?"

"Hakutoka popote."

"Hakuna asiyetoka popote, Baba. Andika chochote tu. Andika kijiji kiliungua, mimi nitakutafutia zamu."

Mzee aliitazama fomu, akaisogeza mbali na mchuzi ili isichafuke. "Nikiandika, Dobi atakitumia. Ndivyo mchezo ulivyo, mwanangu. Ukiandika una ndugu, kesho ndugu yuko mlangoni anavuja damu. Ukiandika uliwahi kuwa na..." Akaishia hapo, akatafuta chumvi ambayo ilikuwa mbele yake. "Mimi sina cha kumpa."

Bi Muhuri alielewa, akatamani asingeelewa. Kama mzee angeandika alikotoka, Mama angekuwemo, na Jumamosi moja Dobi angemleta Mama mezani kwa sauti yake ya kusimulia, aongee, acheke, halafu mchezo uishe watu waende makwao. Akachukua kalamu akaandika juu ya fomu: imerudishwa, mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata ilirudi vilevile, akairudisha mara ya pili. Ilipokuja mara ya tatu aliiweka kwenye droo, chini ya chupa ya wino. Ilikaa siku tatu. Tangu aajiriwe hakuna karatasi iliyowahi kulala kwenye droo yake, na kila alipoketi alikuwa anaisikia pale chini kana kwamba ina pumzi. Siku ya nne Mkurugenzi alikuja kuazima stepla, naye ni mtu ambaye haulizi iko wapi, anafungua.

"Nini hii?"

"Fomu yenye upungufu, Mheshimiwa."

Aliisoma akiwa amesimama. Mkurugenzi alikuwa mtu mzuri wa umbo, mwenye sauti ya kufungulia semina, na alipokasirika alizidi kuwa mtaratibu. "Mtu hakutoka popote. Ana fimbo. Anaitwa Mpita Njia. Anapita anakwenda wapi, Bi Muhuri? Tukimwachia huyu mmoja, kesho hakuna atakayetoka popote. Nitakwenda mwenyewe. Jumamosi, ukaguzi. Wewe njoo na daftari la usajili na muhuri, tumfute pale pale."

Hakuuliza mzee huyo ni nani. Na kwa utaratibu, karani hajibu asichoulizwa.

Duka la Dobi lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya wanga na mvuke. Mashati yalining'inia juu kwenye waya, kila moja na kipande cha uzi wa rangi kwenye kola ili lisipotee kwa mwenyewe. Meza ya kupigia pasi ilikuwa ndefu, imetandikwa blanketi kuukuu lenye alama ya pasi iliyosahauliwa miaka mingi, na Jumamosi mchana pasi zilisogezwa pembeni, zikatoka karatasi na dadu. Walikuwa watatu. Dobi mwenyewe, mtu mnene mwenye macho ya usingizi, ndiye aliyekuwa Msimulizi. Mwalimu wa Hesabu, mama wa watoto wanne, alimchezesha mwizi. Na Mzee Kimya, amevaa shati lililopigwa pasi hapo hapo, alikuwa na Mpita Njia wake.

Mkurugenzi alipokea shikamoo mbili, akatoa moja kwa mzee kwa mbali, akaketi kwenye kiti alichopangusiwa. Alianza na vifaa. Akainua dadu.

"Hii ina pande ngapi?"

"Ishirini, Mheshimiwa," alisema Dobi.

"Nani aliidhinisha ishirini?"

Bi Muhuri akaandika: pande ishirini, mwidhinishaji hajulikani.

"Na wewe mzee, ndiye usiyetoka popote?"

"Ni mtu wangu," alisema Mzee Kimya. "Mimi nimetoka nyumbani."

Mwalimu wa Hesabu akainama akatafuta penseli ambayo haikuwa imeanguka. Mkurugenzi hakucheka. Alieleza, kwa upole wa kutisha, kwamba historia si hiari. Mtu asiye na historia hana msimamo, hana uchungu, hana deni kwa yeyote, na mtu wa hivyo anaweza kufanya lolote. "Sikulaumu, mzee. Hamjafundishwa. Bi Muhuri, nipe HT-7 moja. Leo nitacheza na mimi, muone historia inavyoandikwa, halafu tutamfuta huyu."

Akajaza. Hakusita hata mara moja, hakutazama juu kutafuta neno, na Bi Muhuri, aliyekuwa anasoma maandishi juu chini kwa miaka kumi na saba, alielewa kwa nini. Mhusika aliitwa Shujaa Mkuu. Alizaliwa katika familia duni yenye maadili. Alikuwa wa kwanza darasani, akaenda chuo ng'ambo ya bahari, akarudi, na akiwa mhandisi kijana, Bi Muhuri hajazaliwa bado, alijenga daraja la mto mkubwa wa kusini, ambalo wananchi hulitumia hadi leo kwa furaha. Ilikuwa ni historia ya Mkurugenzi mwenyewe, ile iliyomo kwenye faili lake la utumishi na kwenye fremu mapokezi, koma kwa koma. Alichoongeza ni upanga.

"Sajili," alisema.

Bi Muhuri akasajili namba mia sita arobaini na moja, akagonga.

Dobi aliisoma fomu yote polepole, kama anavyosoma lebo ya nguo asiyoijua, kwa sababu kilichoandikwa pale sasa kilikuwa chake. "Hongera, Mheshimiwa," alisema. "Una daraja."

"Ninalo."

"Basi tunaanzia hapo." Macho ya usingizi yakafunguka, na sauti ikawa nyingine. "Mpo watatu. Mwizi, Mpita Njia na Shujaa Mkuu. Askari wa mfalme wako nyuma yenu, vumbi lao linaonekana. Mbele ni mto mkubwa wa kusini, umejaa. Shujaa Mkuu anawaambia wenzake wasiogope, daraja lake liko hapo."

"Nawaambia hivyo," alisema Mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahi.

"Likoje?"

"Zuri."

"La nini?"

"La chuma. Na zege."

"Nguzo ngapi?"

Mkurugenzi akatazama mashati. "Za kutosha."

"Mimi nina mwizi mwenye farasi kilema," alisema Mwalimu wa Hesabu, penseli mkononi. "Nataka kujua kama atawahi. Urefu wake ni mita ngapi?"

"Urefu wa kawaida."

Mwalimu wa Hesabu aliandika: kawaida. Akaitazama namba hiyo kwa huzuni.

"Na linaanzia wapi?" Dobi aliuliza. "Mnakuja mbio, mnatafuta pa kupandia."

"Kwenye mwamba. Pale kwenye mwamba, ukingoni."

"Hakuna mwamba pale," alisema Mzee Kimya.

Alisema bila kuinua sauti, akiwa anaiweka sawa fimbo ya Mpita Njia, ambayo ilikuwa njiti ya kiberiti. Mto mkubwa wa kusini si wa kubuni. Kila mtu alijifunza jina lake shuleni, isipokuwa ni mbali, na watu wa mjini hawana la kuwapeleka.

"Ni matope kingo zote mbili," mzee aliendelea. "Nimepita pale miaka ishirini na sita na lori la tani kumi. Wiki mbili kabla sijastaafu nilipita. Hakuna daraja. Kuna pantoni ya kuvushia magari."

Mkurugenzi alicheka kidogo. "Mzee wangu, labda hukuangalia vizuri."

"Daraja kwa kawaida mtu huliona."

Mzee, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kusimulia kitu cha maisha yake, alikuwa ameshaanza na hakuonekana kujua namna ya kusimama. "Pantoni yenyewe injini moja. Ikifa, mnasubiri. Siku mbili, siku tatu. Kuna mwaka nilisubiri siku tisa na mzigo wa vitunguu. Siku ya kwanza nilitukana. Siku ya pili nikaenda kunywa chai kwa msichana mmoja aliyekuwa anawauzia wanaosubiri, ana birika kubwa kuliko yeye. Akaniuliza, umebeba nini kinanuka hivyo? Nikamwambia, maisha yangu. Alicheka mpaka akamwaga chai. Siku ya tisa injini ikapona, vitunguu vimeoza vyote, na mimi nilikuwa nimeshakwenda kujieleza kwao." Akamgeukia Bi Muhuri. "Ndiye mama yako. Kungekuwa na daraja, mwanangu, ningepita."

Pasi moja, iliyokuwa inapoa pembeni, ililia tik. Kisa hicho Bi Muhuri hakuwahi kukisikia, sauti ya mama yake ilikuwa imepita chumbani, na alitaka kulia kama mtoto. Badala yake alifungua daftari la usajili, kwa sababu ndicho kitu alichokuwa nacho mkononi.

"Huyu ni baba yako?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Haikuulizwa." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akashika kalamu. "Mheshimiwa, Idara sasa ina maelezo mawili yasiyokubaliana. Moja lina daraja. Lingine lina mimi."

"Hayo ya mzee ni maneno ya mdomo."

"Cheti changu cha kuzaliwa kimo kwenye faili, Mheshimiwa. Kimegongwa muhuri. Kama daraja lilikuwepo, Baba alipita, chai hakunywa, na mimi sikuzaliwa. Sasa hizi fomu mia sita arobaini na moja kazigonga nani?"

Ilikuwa hoja ya kiutawala, na Mkurugenzi aliijua hoja ya kiutawala akiiona. Alivuta kola. Alimtazama Dobi, akamtazama Mwalimu wa Hesabu ambaye alikuwa bado ana swali la urefu, akaona njia moja tu, akaipita kwa kasi. "Jamani, huu ni mchezo. Hiyo ni historia ya mtu wa kubuni. Daraja ni la kubuni, chuo ni cha kubuni, kila kilichomo ni cha kubuni. Andika hivyo tuondoke."

"Kila kilichomo, Mheshimiwa?"

"Kila kilichomo."

Bi Muhuri aliandika, akamgeuzia daftari, akamwonyesha pa kutia saini. Mkurugenzi akatia. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuona mahali pa saini akapaacha. Dobi na Mwalimu wa Hesabu wakashuhudia.

Wapo waliosema baadaye kwamba Bi Muhuri alifanya kusudi. Hawamjui. Jumatatu asubuhi alifanya kile ambacho angemfanyia mhusika yeyote. Tangu mpiga fotokopi aanze biashara yake, Idara ilikuwa na kanuni kwamba historia ikithibitishwa kuwa ya kubuni, hulinganishwa na mafaili mengine, isije ikawa watu wawili wanaitumia. Alilinganisha. Ilimchukua dakika nne, tatu kati ya hizo za kutafuta ufunguo wa kabati. Kisha akaiandikia Wizara barua fupi: Mkurugenzi amethibitisha kwa saini yake, mbele ya mashahidi, kwamba historia yake ni ya kubuni. Idara inaomba mwongozo kama aendelee kuhesabiwa mtumishi, au ajaze HT-7.

Barua ile iliwaweka wakubwa mahali pabaya. Wizara ilikuwa imeliripoti daraja lile katika taarifa kumi na moja za mwaka, na katika mbili kati ya hizo liliripotiwa kufanyiwa ukarabati. Kusema halipo, haiwezekani. Kumwadhibu mtu kwa daraja ambalo Wizara inasema lipo, haiwezekani vilevile. Walikaa vikao vitatu. Jibu lilipokuja lilikuwa na lugha nzuri sana. Wizara ilithibitisha kwamba daraja lipo na ni imara. Kwa kutambua mchango wake, Mkurugenzi anahamishwa kwenda kufungua tawi la Idara ng'ambo ya mto mkubwa wa kusini, na aripoti kwa kupitia darajani. Pantoni asipande, kwani penye daraja hapawi na pantoni, na mtumishi wa umma kupanda chombo kisichokuwepo ni kosa la kinidhamu.

Aliondoka siku ya Alhamisi na gari la ofisi. Taarifa yake ya kwanza ilifika baada ya wiki mbili, imeandikwa kwa penseli: Nimefika ukingoni, naomba maelekezo. Wizara ilijibu siku hiyo hiyo, jambo lisilo la kawaida. Ilijibu: Vuka.

Ilibaki fomu ya mzee. Bi Muhuri aliitoa kwenye droo, akaenda nayo nyumbani, akakaa mkabala na baba yake. Sehemu ya D alikuwa ameijaza yeye karani, kutokana na maelezo yaliyotolewa mbele ya Mkurugenzi katika ukaguzi rasmi. Ilikuwa mistari mitatu. Alisubiri pantoni siku tisa. Vitunguu vilioza. Alikunywa chai.

"Nigonge, Baba?"

Mzee aliisoma mara mbili. "Dobi atamleta."

"Atamleta. Anaruhusiwa."

Alikaa kimya muda mrefu, lakini haukuwa ule ukimya wa redio. "Basi gonga," alisema.

Jumamosi hiyo Bi Muhuri alikwenda naye, bila daftari, akapewa ndoo iliyogeuzwa akakalia. Dobi alizisoma karatasi zote zilizokuwa mbele yake, pamoja na ya Shujaa Mkuu, ambaye alikuwa bado kwenye usajili, kwani mhusika hafutwi kwa sababu mchezaji wake amehamishwa kikazi. Akaziweka chini. Akasafisha koo.

"Mpita Njia, umefika mtoni," alisema. "Matope kingo zote. Malori yamepanga mstari, injini ya pantoni imekufa. Kuna bwana mmoja ana suti na upanga, anamuuliza kila mtu daraja liko wapi. Amekuona, anakuja kwako. Anasema yeye ndiye aliyejenga, kwa hiyo apite wa kwanza. Na pale kando, chini ya turubai, kuna msichana na birika."

Mzee Kimya aliitazama njiti yake ya kiberiti. Mwalimu wa Hesabu aliweka penseli chini.

"Huyo bwana mwambie akae kwenye foleni, nyuma ya lori langu," mzee alisema hatimaye, na akaisogeza njiti juu ya blanketi, taratibu, mpaka kwenye turubai. "Mimi naomba chai. Sina haraka."